VYAKULA VYA KWETU TULIVYOVIKUMBUKA TUKIWA MASOMONI ULAYA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya machifu, walimu na wazee)



Tumeombwa tuseme habari za masomo yetu huko Uingereza. Lakini habari za vitabu na mitihani mmekwisha kuzisikia kwa wengine waliotutangulia, nazo hufanana sana. Kwa hiyo tumeonelea tuseme juu ya jambo ambalo watu wengi hulidharau, nalo ni chakula. Wala si chakula cha Waingereza, bali kile cha nyumbani kwetu, ambacho hatukukijua sawasawa mpaka tulipokuwa mbali nacho.

Tulikuwa wanne. Mmoja wetu ni mtu wa Kilimanjaro, wa pili ni mtu wa Bagamoyo, wa tatu ni binti wa Mkoa wa Mara kando ya Ziwa Victoria, na wa nne ni binti wa Ugogo. Tulikaa katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza tangu mwaka 2014 hata mwaka 2016. Vyumba vyetu vilikuwa mbalimbali, lakini jiko lilikuwa moja, na katika jiko hilo ndimo tulimofahamiana. Mwaka wa kwanza haujafika nusu tulikuwa tumekwisha kubishana juu ya kila kitu kipikwacho kutoka Pangani hata Ujiji.

Msidhani ya kuwa tulikufa njaa. Mkate ulikuwapo, viazi vilikuwapo, nyama ya kuku ilikuwa rahisi kuliko hapa. Tulishiba, walakini hatukuridhika. Mtu aliyelelewa kwa ugali akila viazi siku kumi mfululizo hujiona kama mgeni katika mwili wake mwenyewe. Wakati wa baridi, jua linapotua saa kumi jioni, hali hiyo huzidi.

Basi tulianza kutafuta. London yako masoko mawili yanayojulikana sana na watu wa nchi za joto, yaani soko la Brixton na lile la Ridley Road, na humo hupatikana ndizi mbichi, magimbi, bamia, viazi vikuu na muhogo. Muhogo ule hutoka Costa Rica, nchi ya Amerika ya Kati, nao umepakwa nta mwili mzima usioze njiani. Mwenzetu wa Mara alipouona mara ya kwanza aliushika, akaugeuza, akasema ya kuwa mshumaa huo hapaliki kwao. Katika mji wetu wenyewe lilikuwako duka la Wahindi lenye unga mweupe wa mahindi, na ulipokosekana tulisonga ugali kwa unga wa ngano wa chenga, ambao husongeka lakini hauna harufu.

Hapa twapenda kusema neno moja kando. Katika mabishano yetu kila mtu alidai ya kuwa chakula cha kwao ndicho cha asili hasa. Tukaenda kutazama katika vitabu. Mahindi na muhogo vyote viwili vilitoka Amerika, vikaletwa Afrika na Wareno baada ya mwaka 1500. Ndizi, ambazo mtu wa Kilimanjaro huapa kwazo, asili yake ni Asia, ingawa zimekaa kwetu karne nyingi. Mtama, uwele na ulezi ndivyo wenyeji wa Afrika. Kwa hiyo binti wa Ugogo, aliyekuwa akichekwa kwa ugali wake wa uwele na mlenda, alishinda daawa, na tangu siku ile hakuna aliyemcheka. Yeye ndiye pekee aliyekuja na chakula chake mfukoni: mlenda mkavu uliotwangwa, umefungwa katika pindo la kanga. Mkaguzi wa forodha aliufungua, akaunusa kitambo, akaufunga tena vizuri kuliko alivyoukuta.

Sasa tuseme juu ya mtori. Wengi wenu mwaujua, lakini wako wasiotoka milimani. Mtori ni ndizi mbichi zilizopikwa pamoja na nyama ya ng'ombe yenye mifupa, kisha zikapondwa mpaka zikawa uji mzito. Ndizi zifaazo ni zile ziitwazo mshale. Nyama huchemshwa kwanza mpaka ilainike na kutoa nguvu yake katika supu. Ndizi humenywa na kutiwa majini zisiwe nyeusi. Kisha huingia chunguni pamoja na vitunguu. Zikiiva, mifupa hutolewa, na mwiko au kipekecho hufanya kazi yake mpaka pasiwe na donge hata moja. Mwishoni hutiwa siagi au maziwa.

Chakula hiki ni cha mzazi. Kwa desturi ya zamani ya Wachaga, mwanamke akijifungua hukaa ndani miezi 3, hashiki jembe wala habebi mzigo, na kazi yake ni kunyonyesha, kulala na kula. Mume hutafuta nyama, na mama mkwe hupika mtori. Mwenzetu alitusimulia ya kuwa kumbukumbu yake ya kwanza katika maisha si uso wa mtu, ila ni harufu ya mtori uliopikwa alipozaliwa mdogo wake. Yeye alikuwa na miaka 4. Bibi yake alikaa jikoni asubuhi hata adhuhuri, na watoto wakubwa walingoja nje, kwa maana bakuli la kwanza ni la mzazi, la pili ni la mzazi, na kinachobaki katika kuta za chungu ndicho cha watoto. Alikikwangua kwa kidole. Alituambia ya kuwa amekula mtori mara nyingi baadaye, katika harusi na katika mikahawa ya Moshi, hata na Arusha, na wote ulikuwa mzuri, lakini hakuna uliokuwa na ladha ya kile kidole.

Alipotaka kuupika huko Uingereza alimpigia simu mama yake. Akamwuliza, Mama, ndizi ngapi? Mama akajibu, Za kutosha. Nyama kiasi gani? Kulingana na ndizi. Maji je? Yasiwe mengi. Ichemke muda gani? Mpaka iive, mwanangu. Sisi watatu tuliokuwa tukisikiliza tulicheka sana, lakini juma lililofuata kila mmoja wetu alipiga simu kwao, akapata majibu yale yale. Mama wa Bagamoyo alisema maji ya wali yapite mchele kwa pingili moja ya kidole. Alipoulizwa ni kidole cha nani, alisema cha mpishi. Mama wa Ugogo alisema mlenda utajua wenyewe ukiwa tayari.

Hatusemi hayo kwa kuwadhihaki mama zetu. Elimu yao ni kubwa, lakini imekaa katika mikono na pua na masikio, haikukaa katika maneno. Mpishi wa wali wa nazi husikia kwa sikio kama maji yamekauka chini ya sufuria, hafunui kifuniko. Elimu ya namna hii hurithiwa na mtu akaaye karibu na chungu, na sisi wavulana tulifukuzwa jikoni tangu utoto tukiambiwa ya kuwa si mahali petu. Binti zetu nao siku hizi huenda shule za bweni wakiwa wadogo, wakala chakula cha shule mwezi hata mwezi. Basi ni nani aliyebaki karibu na chungu? Twaliuliza swali hili kwa walimu hasa.

Mtu wa Bagamoyo alikuwa na shida yake peke yake. Mwezi wa Ramadhani wa mwaka 2015 uliangukia Juni na Julai, ambapo katika Uingereza ya kaskazini siku ni ndefu mno: alfajiri huwahi sana, na magharibi hufika saa tatu na nusu usiku na zaidi. Mtu hufunga saa 18 na ziada. Kwao, adhana ya magharibi husikika mapema, na mkeka umekwisha kutandikwa: uji wa pilipili manga, tambi, magimbi ya nazi, muhogo wa nazi uliochanganywa na samaki. Jirani hupeleka sahani kwa jirani, na sahani hairudi tupu. Yeye alikaa dirishani akitazama jua lisilotaka kutua, akatuhesabia sahani za mtaa wao moja moja, na jina la mama aliyepika kila moja.

Wali wake wa nazi alitupikia kila Jumamosi. Nazi za dukani zilikuwa kavu na nyingine zimechacha, kwa hiyo alitumia tui la kopo. Alitueleza namna ya kwao: nazi hukunwa kwa mbuzi, machicha hukamuliwa kwa kifumbu, tui zito la kwanza huwekwa kando, tui jepesi ndilo linalochemshwa kwanza na chumvi, na mchele hutiwa humo. Maji yakikaribia kukauka ndipo huingia tui zito, kisha chungu hufunikwa na makaa hupaliwa juu ya kifuniko, ili wali uive kwa moto wa juu na wa chini. Juu ya jiko la gesi hakuna makaa ya kupalia. Alitia sufuria ndani ya joko, na ukoko ulipatikana, naye akautwaa wote kwa haki ya upishi.

Lakini habari iliyotufanya tusimame hapa leo ni ya udaga, na twaomba mtusikilize kwa makini.

Kwao mwenzetu wa Mara hula ugali wa udaga, yaani unga wa muhogo uliovundikwa, mara nyingi ukichanganywa na mtama, na kitoweo chake ni dagaa au sato. Muhogo wao mwingi ni ule mchungu, ambao wanyama waharibifu hawaupendi nao huweza kukaa ardhini muda mrefu. Mwenzetu aliyatamani mambo mawili: rangi ya ugali ule wa kijivu, ambao wageni huudharau, na harufu ya muhogo ukianikwa juu ya majabali wakati wa kiangazi. Alimpigia simu bibi yake kuuliza namna ya kuutengeneza. Bibi huyo alikuwa amepofuka macho, lakini mikono yake haikusahau. Mjukuu mdogo alishika simu, bibi akasema, na mwenzetu akaandika katika daftari neno kwa neno. Zilijaa kurasa 4.

Alisema hivi. Muhogo humenywa, huachwa juani kitambo maji ya juu yakauke, kisha hukusanywa chungu nzima na kufunikwa kwa majani na nyasi mahali pasipo upepo. Hukaa humo siku 3, au 4, au 5, kwa kadiri ya joto. Mtu asihesabu siku tu, bali atie mkono ndani: rundo sharti liwe na joto, muhogo uwe laini wa kubonyea, nao uote ukungu. Usipobonyea, haujawa tayari, hata kama watoto wanalia. Ndipo ukungu hukwanguliwa, muhogo huvunjwa vipande vidogo, nao huanikwa juani mpaka ukauke kabisa na kulia ukivunjwa.

Mwenzetu alimwuliza, Bibi, kwa nini siku zote hizo? Hakumjibu kwa sababu za kitabu. Alisema ya kuwa mwaka ule wa ukame watu walifupisha siku, na watoto wa watu wakapotewa na miguu.

Tulidhani ni maneno ya wazee. Tulipoyatafuta katika maktaba ya chuo tuliyakuta yote. Muhogo mchungu una kitu ambacho hugeuka kuwa sumu iitwayo sianidi. Muhogo ukivundikwa vizuri na kuanikwa, sumu hiyo huvunjika na kutoka kama hewa. Ukiharakishwa, hubaki katika unga. Mtu aulaye majuma mengi, hasa akikosa chakula cha kujenga mwili, huweza kupatwa ghafula na ugonjwa wa miguu uitwao konzo. Jina hilo ni la lugha ya Wayaka wa Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliuandika habari zake huko Kwango mwaka 1938. Hushika zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Miguu hukakamaa siku moja, wala haiponi. Mwaka 1981, katika jimbo la Nampula nchini Msumbiji, ukame ulikausha mimea yote isipokuwa muhogo mchungu, na watu zaidi ya 1,000 walipatwa. Na mwaka 1985 ugonjwa huo huo ulitokea Tarime, katika Mkoa wa Mara, wakati wa ukame. Huo ndio mwaka wa bibi.

Tena tulijifunza jambo lililotushangaza zaidi. Mwili wa mtu huweza kuiondoa sumu hiyo kidogo kidogo ukipata vyakula vya kujenga mwili, kama vile samaki, nyama na kunde. Kwa hiyo ugali wa udaga na dagaa, ambao sisi tuliuhesabu kuwa chakula cha maskini, ni sahani iliyokamilika: mwenye kula udaga peke yake yumo hatarini, na mwenye kuula na dagaa amejikinga. Hatudai ya kuwa wazee walijua hesabu za maabara. Lakini hawakuvipanga vyakula hivyo ovyo katika sinia moja.

Kwa faida ya wale wasio na uhakika na unga walionao, iko njia rahisi iliyotungwa na mtaalamu wa Australia, Howard Bradbury, nayo imekwisha kutumika katika vijiji vya Kongo. Unga wa muhogo hutiwa maji na kukorogwa mpaka uloe wote. Kisha hutandazwa juu ya mkeka safi kwa unene usiofika sentimita moja, na kuachwa saa 2 juani, au saa 5 kivulini. Sumu iliyobaki hutoka na hewa. Unga huo husongwa ugali siku ile ile, usilazwe. Njia hii haiondoi haja ya kuvundika. Huongeza usalama juu yake.

Bibi yule alifariki mwaka 2017. Katika nyumba yao, mama mzazi wa mwenzetu ni karani mjini Musoma naye hununua unga dukani. Shangazi mmoja anajua kuvundika, lakini alisema ya kuwa kipimo cha mkono ndani ya rundo alikisikia kwa mara ya kwanza aliposomewa daftari. Kurasa zile 4 tumezinakili na kumwachia mwalimu mkuu hapa, pamoja na nyingine za mtori, wali wa nazi na mlenda. Mwenye kutaka kusahihisha na asahihishe kwa wino, kwa kuwa kila kijiji kina namna yake. Mwalimu ameahidi ya kuwa wanafunzi wa darasa la sita na la saba wataandika likizo hii chakula kimoja kila mmoja, kutoka kinywani mwa mama au bibi, wavulana kwa wasichana. Nasi tumewaombea ruhusa kwa mabibi wasifukuzwe jikoni.

Ukurasa mmoja katika daftari letu u mtupu. Juu yake pameandikwa jina tu: furu. Hao ni samaki wadogo wa ziwa, ambao bibi alisema waliliwa katika utoto wake kuliko samaki wengine wote, wakichomwa na kukaushwa katika vijiti, kisha kupikwa kwa karanga. Sangara aliletwa ziwani katika miaka ya 1950, akaongezeka mno katika miaka ya 1980, na furu wa aina nyingi wakatoweka. Bibi aliahidi kutuambia namna ya kuwapika siku nyingine ya simu, naye hakujaliwa. Tumesikia ya kuwa wako furu wa aina kadhaa wanaovuliwa tena. Mama mmoja mchuuzi wa samaki huko ziwani ametuambia ya kuwa aijua kazi ya vijiti, naye atatuita siku atakapopata furu wa kutosha. Tumemwachia nambari ya simu.